Namna ya Kutenga Msitu wa Hifadhi wa Kijiji kwa Mujibu wa Sheria

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Ikiwa msitu wenu umo ndani ya ardhi ya kijiji, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inawaruhusu kuutenga na kuusimamia wenyewe. Jambo hili lilikwisha kufanyika hata kabla ya sheria hiyo: wanavijiji wa Duru-Haitemba wilayani Babati na wa Mgori mkoani Singida walianza kulinda misitu yao mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Anzeni na ardhi, si miti. Vijiji vingi hukimbilia kuunda kamati na kupanga doria ilhali mipaka ya kijiji haijawahi kuandikwa popote, na hapo ndipo hatari ilipo. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, inajumuisha pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Kwa mzee anayechimba dawa humo na mama anayeokota kuni, msitu unatumika kila siku, lakini kwa mgeni mwenye ramani mkononi, msitu usio na karatasi huonekana kuwa pori tupu. Kwa hiyo hakikisheni kwanza kwamba kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, kisha andaeni mpango wa matumizi ya ardhi kwa kufuata Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, mpango unaoonyesha bayana mashamba, malisho, makazi, vyanzo vya maji na msitu.

Mpaka wa msitu utembelewe kwa miguu, mkiwa pamoja na wajumbe wa vijiji jirani, wazee wanaojua majina ya vijito na vilima, na wafugaji ambao hupitisha mifugo hapo wakati wa kiangazi. Makubaliano yaandikwe katika muhtasari na kutiwa saini na pande zote siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu hazijaanza kutofautiana. Baadaye mkuza, yaani ukanda mwembamba unaofuata mpaka, ufyekwe na alama ziwekwe. Sioni kazi nyingine katika mchakato huu inayostahili subira kubwa kuliko hii, kwa kuwa mgogoro wa mpaka ulioachwa kiporo hurudi pale msitu unapoanza kuleta mapato.

Mkutano Mkuu wa Kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, ndio unaochagua kamati ya kusimamia msitu, na sheria inataka uwiano wa jinsia uzingatiwe. Kamati hiyo huwajibika kwa Halmashauri ya Kijiji.

Kisha fanyeni tathmini ya rasilimali kwa msaada wa afisa misitu wa wilaya: pimeni miti katika maeneo ya sampuli, andikeni aina na unene wake, na tambueni sehemu zilizoharibika. Takwimu hizo ndizo msingi wa mpango wa usimamizi, ambao unaugawa msitu katika kanda na kueleza nini kinaruhusiwa wapi, kwa kiasi gani na kwa kibali cha nani. Kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vingine vya maji.

Sheria ndogo hutungwa baada ya mpango, na zinapaswa kuufuata. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, Mkutano Mkuu huijadili, kisha hupelekwa kwenye Halmashauri ya Wilaya ili iidhinishwe. Bila idhini hiyo, faini mtakayotoza haina nguvu ya kisheria. Zikishaidhinishwa, zinamhusu hata mtu anayetoka nje ya kijiji. Nawasihi msikataze kila kitu. Anayekatazwa kuokota kuni kavu hatazikosa, ila ataziokota usiku, na kamati itampoteza mtu ambaye angeweza kuwa jicho lake msituni. Ni afadhali kutaja siku za kuokota kuni, njia za kupitisha mifugo na taratibu za kufikia maeneo ya matambiko.

Kila kibali na kila faini viwe na risiti na viingizwe kwenye daftari, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya Mkutano Mkuu kila robo mwaka. Zitunzeni nyaraka zote ofisini na nakala zake wilayani: cheti, ramani, mihtasari, mpango na sheria ndogo. Msitu ukishasimamiwa kwa miaka mitatu tangu utangazwe na kijiji, mnaweza, mkipenda, kuomba utangazwe katika Gazeti la Serikali, na nyaraka hizohizo ndizo mtakazoziambatanisha na maombi yenu.