SOMO: Dawa na tahadhari kwa mnaotoka Ulaya kwenda Kruger (Afrika Kusini), Livingstone (Zambia) na Ziwa Nyasa (Malawi)

Kila likizo swali ni lilelile: "naenda Sauzi, nibebe dawa gani?" Nimechoka kujibu kipandekipande. Dozi yako akuandikie daktari. Mimi naonyesha panapoharibika.

1. Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukiruka London hadi Johannesburg moja kwa moja, huulizwi. Ukipita kwanza kusalimia wazee Mombasa, au ukikaa uwanja wa Nairobi au Addis Ababa zaidi ya saa 12, unaulizwa. Uchanjwe walau siku 10 kabla. Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka 10.

2. Dawa zako za kawaida zikae kwenye pakiti zake, na cheti cha daktari. Zambia hawana mchezo na dawa za kikohozi zenye kodeini au difenihidramini. Ziache nyumbani.

3. Maji: yaliyochemshwa, au chupa yenye lakiri nzima.

4. Vidonge vya kinga ya malaria. Hapa soma polepole. Zambia na Malawi malaria ipo nchi nzima. Sauzi ipo Limpopo, nyanda za chini za Mpumalanga (Kruger ikiwemo) na kaskazini mashariki mwa KwaZulu-Natal, hasa Septemba hadi Mei. Johannesburg na Cape Town hakuna, Lesotho pia. Sasa mtego: watu humaliza safari Cape Town, hawaoni mbu, wanaacha doksisaiklini, kidonge chao cha kinga. Wiki mbili baadaye wanatetemeka Birmingham. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuingia eneo la malaria hadi siku 28 baada ya kutoka ENEO HILO. Kutua Heathrow hakuhusiani na hesabu. Siku 10 porini ni 2 + 10 + 28, yaani vidonge 40. Ukinunua 12 umetupa pesa. Meza baada ya kula, glasi nzima ya maji, usilale nusu saa. Kikinata kwenye umio kinaunguza. Usikichanganye na maziwa wala vidonge vya madini ya chuma. Jua litakuchoma upesi kuliko kawaida. Mjamzito na mtoto chini ya miaka 8 watafutiwe dawa nyingine.

5. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri. Losheni ya jua kwanza, dawa ya mbu juu yake. Chandarua kichomekwe chini ya godoro.

6. Kichocho. Maji ya Cape Maclear, kwenye Ziwa Nyasa, yanang'aa kama kioo na kichocho kimo. Ukishaoga ziwani, pima wiki 8 hadi 12 baadaye. Ukimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, mapema, inaua minyoo wakubwa na kuwaacha wachanga.

7. Kuharisha. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ya lita moja iende kwenye lita moja, si chupa ya nusu lita. Huna pakiti? Vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita moja ya maji safi. Ukiona damu au homa, hospitali.

MASWALI

Kipepeo77: Mkuu sijasoma yote, naenda Cape Town tu. Vidonge?
— Namba 4.

MtotoWaTanga: Sisi tumekulia na malaria, hivyo vidonge ni vya Wazungu.
— Uko Uholanzi miaka mingapi? Kinga ya utotoni hupungua usipoumwa na mbu wenye vimelea. Mwanao aliyezaliwa Rotterdam hana kabisa.
MtotoWaTanga: Miaka 14. Basi nauliza tu.
— Na mimi najibu tu.

Bi_Salma: Kaka, mbona atovakwoni-proguanili, kile kidonge kingine cha kinga, wanasema siku 7 tu baada ya kutoka?
— Swali zuri, dada. Kimelea akishaingia mwilini hujificha kwanza kwenye ini, ndipo aingie kwenye damu. Atovakwoni-proguanili inampiga hukohuko kwenye ini. Doksisaiklini inamtegemea mlangoni, kwenye damu, kwa hiyo lazima ingoje mpaka wote watoke. Bei ya atovakwoni-proguanili ni kubwa zaidi, ila kwa safari fupi unameza vidonge vichache.

Bi_Salma: Na homa ikija nimeshamaliza vyote?
— Siku hiyohiyo nenda ukapimwe, na neno la kwanza liwe "nimetoka Zambia". Usiposema watakuambia ni mafua. Kipimo cha kwanza kikikosa, rudia kesho yake na keshokutwa. Ukishatibiwa, usishtuke kipimo cha haraka kikiendelea kusoma malaria wiki kadhaa. Mabaki ya vimelea hukaa kwenye damu. Omba hadubini.

Mzee_Kobe: Nyongeza: nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, mpaka kwenye mishono. Kuna nzi hutaga mayai hapo, funza akaingia kwenye ngozi.
— Shikamoo mzee, hilo nililisahau. Na Kruger mkishatembea majanini, kagueni kupe nyuma ya magoti na kinenani. Kidonda chenye kigaga cheusi, kichwa kikiuma na homa juu: mwonyeshe daktari hicho kigaga. Huenda ni homa ya kupe. Doksisaiklini ndiyo huitibu, lakini kwa dozi ya tiba, si ile moja ya kinga.