Eksirei ya mkononi: mgeuze mgonjwa, si mashine

Kwa sisi matabibu wa meno tunaozunguka mashuleni, mashine ya eksirei ya kushika mkononi ni mkombozi. Shida yake ni moja: ile ya ukutani unasogea mita mbili ndipo unabonyeza, hii umeishika mwenyewe.

Kwa hiyo anza na kile kisahani kinachopitisha mwanga, chenye madini ya risasi, mbele ya koni, yaani bomba linalotoa mionzi. Mionzi ikigonga shavu, mingine hurudi ilikotoka, na kisahani ndicho kinachoizuia. Wapo wanaokichomoa eti kinawazibia. Kiache, na kikae mbele kabisa, karibu na ngozi ya mgonjwa. Kadiri unavyokivuta kuja kwako, ndivyo eneo linalokingwa linavyopungua.

Kinga hiyo inakufunika vizuri ukisimama nyuma ya mashine, koni ikiwa imelala sambamba na sakafu. Ukiiinamisha ufuate jino, kinga nayo inahama na sehemu ya mwili wako inabaki nje. Basi hangaika na kichwa cha mgonjwa. Meno ya mbele ya juu: "Mama, shusha kidevu kidogo." Ya chini: "Inua kidevu." Magego ya juu, alaze kichwa upande wa mashine. Inachosha, hasa kwa mzee aliyekaa kwenye kiti cha darasani kisicho na pa kuegemeza kichwa, lakini ndiyo kazi.

Kabla ya kubonyeza, tazama koni inaelekea wapi. Ukuta wa tofali, sawa. Ubao mwembamba wenye ofisi ya walimu nyuma yake, hapana. Na dirishani fukuza watoto, maana watachungulia tu.

Sensa, kile kifaa cha kunasa picha kinachowekwa mdomoni, ishikwe na kishikio chake, au mgonjwa mwenyewe. Kidole chako kisiingie kwenye njia ya mionzi hata mara moja. Mtoto akihangaika, mzazi avae aproni ya kukinga mionzi amshike, ila asiwe mjamzito.

Beji ya kupimia mionzi ivae kifuani, chini ya aproni, kila siku ya kazi. Kikomo chetu ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) 20 kwa mwaka, na bila beji hutajua uko wapi.

Kuhusu mashine za bei poa mtandaoni: mwaka 2012 Uingereza na Marekani zilitoa tahadhari kuhusu mashine za aina hiyo zisizo na kinga ya kutosha. Hapa Tanzania, malizana kwanza na Tume ya Nguvu za Atomu kuhusu leseni, ndipo ulipe. Jioni chomoa betri, funga mashine kabatini, na aproni itundike. Ukiikunja inapasuka ndani.