Kabla hujaambatisha orodha ya bei
Wewe unayeuza mvinyo wa zabibu hapa Dodoma, au mafuta ya alizeti kutoka Singida: orodha ya bei yenye MB 20 usiiambatishe kwenye barua pepe. Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini faili likisafirishwa huvimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo hilo la 20 laweza kugoma. Na mteja wa Kibaigwa anayetumia bando la simu atalifungua saa ngapi? Punguza picha, ibaki PDF ya MB 1 au 2. Ipe jina linaloeleweka, “Bei-Alizeti-Juni”, si “scan0047” (hilo hata mimi nalikwepa). Bei mbili tatu kuu ziandike ndani ya barua yenyewe. Katalogi nzima iweke Google Drive, utume kiungo, ila kwanza kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine.