Jinsi ya kuoka matufaha yaliyofunikwa kwa chenga za siagi

Kitindamlo hiki kina matabaka mawili tu: matunda yaliyolainika chini, na juu yake chenga za unga, siagi na sukari zilizookwa hadi zikakauka. Ugumu wake hauko kwenye viungo, bali kwenye maji, kwa sababu matunda yakipata joto hutoa maji mengi ambayo, yasipodhibitiwa, hupanda na kuzigeuza chenga kuwa uji.

Kwa walaji sita, andaa kilo 1 ya matufaha, sukari gramu 60, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula, wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chakula na mdalasini nusu kijiko cha chai. Kwa ajili ya chenga, pima unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100, sukari gramu 100 na chumvi kidogo. Ukitaka kupika kwa ajili ya watu wengi zaidi, kumbuka tu kwamba unga ni mara mbili ya siagi, na sukari ni sawa na siagi.

Hatua ya kwanza: matunda

Washa oveni kwenye nyuzijoto 180 za Selsiasi. Menya matufaha, ondoa mbegu na sehemu ngumu ya katikati, kisha yakate vipande vya upana wa sentimita 2 hivi. Vipande vyembamba zaidi ya hapo huvurugika kabla chenga hazijaiva. Mimi huchanganya aina mbili, yaani matufaha makali yanayolainika upesi na matamu yanayobaki na umbo lake. Nyunyizia maji ya limau ili yasigeuke rangi, kisha changanya na sukari, mdalasini na wanga.

Hatua ya pili: chenga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siagi itoke kwenye friji wakati huohuo, uikate vipande vidogo na kuvitia kwenye unga wenye chumvi, kisha ufikiche kwa ncha za vidole, ukiinua mchanganyiko juu na kuuachia udondoke ili upate hewa. Usitumie viganja, kwa kuwa siagi huyeyuka kwenye joto lililo chini kidogo ya lile la mwili, na ikishayeyuka hulowesha unga badala ya kuuacha katika punje punje. Acha kufikicha unapoona chenga za ukubwa tofauti, nyingine kama mchanga mnene, nyingine kama punje za njegere. Tia sukari, uchanganye, kisha uweke bakuli kwenye friji kwa dakika 20.

Hatua ya tatu: kupanga na kuoka

Mimina matunda kwenye chombo cha kuokea chenye kina cha sentimita 5 au zaidi, usawazishe, kisha nyunyiza chenga juu yake bila kuzishindilia. Niliwahi kuzibana kwa mgongo wa kijiko ili zipendeze, nikaishia kupata bamba moja gumu kama biskuti, na chini yake unga mbichi.

Oka kwa dakika 40 hadi 45. Rangi ya kahawia peke yake isikudanganye. Tazama kingo za chombo, na usiepue mpaka uone rojo la matunda likitokota na kutoa mapovu mazito pembeni, kwa kuwa wanga hauwezi kugandisha maji ya matunda usipopata joto la kutosha. Chenga zikikolea rangi mapema, zifunike kwa karatasi ya foili bila kuikaza.

Ukishaepua, subiri dakika 15 ili rojo lishikane, kisha pakua. Kitakachobaki kihifadhi kwenye friji na ukipashe ndani ya oveni, si kwenye maikrowevu, kwa sababu mvuke wa maikrowevu hulainisha chenga zote.