Kujumlisha kwa Miguu: Mwongozo kwa Walimu wa Awali

Chini ya mwembe, ambao mjini Tabora haukosekani, chora mchangani kwa kijiti mstari wa visanduku 11, uviandike namba 0 hadi 10. Mtoto asimame kwenye 3, kisha aruke mara mbili kwenda mbele akihesabu kwa sauti.

Hapa ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa kuwa watoto wengi hukihesabu kisanduku walichosimama kuwa cha kwanza, wakaishia kwenye 4 badala ya 5. Wenzake wapige makofi kila miguu inapotua, ili kinachohesabiwa kiwe mruko wenyewe.

Kutoa ni kuruka kinyumenyume, polepole. Baadaye mtoto akisie atakapotua kabla ya kuruka.