Jaketi ya ngozi: anza na mabega, bei baadaye

Ukiingia Owino pale Kampala au soko lolote la mivumba, yaani mitumba, kutafuta jaketi ya ngozi, usianze na rangi wala lebo, anza na mabega. Ngozi siyo kitambaa, sindano ikishatoboa lile tundu halijifungi tena, kwa hiyo fundi akifumua bega ili alipunguze matundu ya zamani yanaweza kubaki yakionekana, na hiyo kazi yenyewe mafundi wengi wenye cherehani za kawaida hawaiwezi. Mikono mirefu inapunguzwa, zipu inabadilishwa, bitana inashonwa upya, lakini bega likikataa limekataa, irudishe kwenye hanga uende zako.

Kupima ni hivi: vaa juu ya nguo unazovaaga kila siku, funga zipu mpaka juu, halafu papasa ule mshono unaounganisha mkono na bega. Unatakiwa ukae pale mfupa wa bega unapoishia. Ukishukia kwenye mkono hiyo ni kubwa, ukipanda kuelekea shingoni ni ndogo. Nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani wa boda: mkono wa jaketi utarudi nyuma kidogo, hiyo sawa, lakini ukipanda mpaka katikati ya kiwiko na kiganja usiku baridi itakuingia yote. Halafu inua mikono juu. Jaketi nzima ikipanda na wewe, tumbo likabaki nje, ujue tundu la kwapa limekatwa chini sana na hilo halina dawa.

Na usinunue kubwa eti utanenepa. Ngozi ikivaliwa inalegea kidogo kwenye viwiko na mgongoni, hairefuki, kwa hiyo mpya ikikukumbatia kidogo ni nzuri mradi unapumua na unakaa chini bila kola kukuchoma kidevu. Mtu wa Kabale kwenye baridi anayevaa sweta ndani, basi avae hilo sweta siku ya kupima.

Haya, sasa ni ngozi kweli au ni reksini, yaani ngozi bandia? Muuzaji atakwambia "ssebo (bwana), hii orijino kabisa" na hata harufu ya ngozi siku hizi inapuliziwa, kwa hiyo iache pua. Tafuta sehemu ambayo upande wa ndani wa ngozi unaonekana: chini ya kola, ukingo wa mfuko, au pale bitana ilipochanika. Ngozi kwa ndani ina nyuzinyuzi kama za swedi zilizoshikana ovyo. Reksini mara nyingi ina kitambaa kilichofumwa, unaona kabisa nyuzi zimepishana, na juu yake imepakwa plastiki. Kisha bonyeza kwa kidole gumba, ngozi inajikunja mikunjo midogo isiyolingana, plastiki inabonyea tu. Lebo ya ndani ikiandikwa PU hamna mjadala, hiyo ni plastiki, na kwa joto na unyevu wetu huwa inaanza kubanduka kwenye kola na viwiko hata kama umeiweka kabatini tu.

Ukishajua ni ngozi, geukia mishono. Hesabu kwa sentimita moja, 3 au 4 inatosha. Mishono iliyosongamana sana inaonekana ya kifahari lakini inaitoboa ngozi kama karatasi ya stempu na siku ukivuta kwa nguvu inachanika kwenye mstari huohuo. Vuta taratibu pande mbili za mshono wa kwapani, ukiona mwanga unapita, uzi umechoka. Angalia pia mgongo: kipande kimoja kikubwa, au viwili vitatu kwa mtindo, ni dalili ya kazi nzuri, ila ukikuta vipande vidogovidogo vingi vimeungwa, huyo mshonaji alikuwa anamalizia masalio.

Zipu ifungue na kuifunga mara kadhaa, hasa angalia pale chini pini inapoingia, ndiyo inayokufaga kwanza. Zipu ya chuma ni bora. Ikiwa mbovu usiikimbie jaketi nzuri, kata bei, fundi mwangalifu atashona mpya kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani.

Jaketi za mivumba zina shida nyingine, ukavu. Kunja kola na kiwiko: mikunjo ni kawaida, lakini nyufa zinazoonyesha rangi nyingine ndani hakuna mafuta yatakayozirudisha. Ukungu wa juu unafutika, ila bitana ikinuka ukungu hiyo harufu utalala nayo.

Kwa watu wa boda, ya kondoo ni laini inavutia lakini inachanika haraka, chukua ya ng'ombe iliyo nzito, na tafadhali ujue kwamba jaketi ya mtindo siyo kinga ya ajali kama haina pedi za mabega na viwiko.

Mwisho, sokoni kioo ni kidogo au hakipo, basi mpe mwenzako simu akupige picha ya mgongo ukiwa umesimama kawaida. Mikunjo ya kulala kati ya mabega maana yake inakubana, mikunjo ya kusimama pembeni maana yake imekuzidi. Ikiwa imelala vizuri, hapo sasa muulize bei.