Somo: Kuagiza gari binafsi kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Bagamoyo

Somo hili ni kwa ajili ya wenyeji wanaopokea wageni Bagamoyo: wenye nyumba za wageni, wazazi wa wanafunzi wa TaSUBa (chuo cha sanaa cha Bagamoyo), jamaa wanaomsubiri ndugu kutoka ng'ambo. Gari lenyewe kulipata si kazi, Dar magari yamejaa. Kinachoharibu safari nyingi ni maelezo: saa imeandikwa nusu, jengo halikutajwa, bei haikusema maegesho analipa nani. Ndiyo maana tutakaa sana kwenye kuandika oda, na mengine tutayapitia haraka.

Hatua ya 1: Omba nakala ya tiketi

Usimuulize mgeni "unafika saa ngapi". Mwambie akutumie picha ya tiketi, usome mwenyewe vitu vitatu.

Cha kwanza ni namba ya ndege ya mwisho, ile inayotua Dar. Mgeni aliyetoka London akaunganisha Addis Ababa ana namba mbili, na mara nyingi hutuma ile ya kwanza kwa sababu ndiyo iko juu ya ukurasa. Dereva akifuatilia namba hiyo ataona ndege imeshatua Addis, atadhani mambo tayari, ataondoka nyumbani mapema bure. Mbaya zaidi, ndege ya pili ikichelewa hatajua.

Cha pili ni saa na tarehe. Hapa ndipo oda nyingi zinapokufa. Tiketi huandika kwa saa 24, na saa ya kutua huwa ni ya Tanzania, haina haja ya kubadilishwa tena. Tiketi ikisema 02:15 tarehe 14, hiyo ni saa 8 na robo usiku wa kuamkia tarehe 14. Maana yake dereva anatoka kwake tarehe 13 baada ya chakula cha usiku. Ukimwandikia "tarehe 14 saa 8 na robo", atakuja mchana wa tarehe 14, na mgeni atakuwa amekaa uwanjani kwa muda wa saa 12. Ukimwandikia "2:15 usiku", kuna dereva atakayesoma saa 2 na robo usiku, yaani 20:15. Andika zote mbili pamoja, na utaje siku ya wiki: "Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne tarehe 14, saa 8 na robo usiku (02:15)." Sentensi ni ndefu, lakini haina tundu.

Cha tatu ni jengo. Safari za nje ya nchi hutua Jengo la Tatu, lililoanza kazi mwaka 2019. Safari za ndani, mfano kutoka Mwanza au Kilimanjaro, kwa kawaida huishia Jengo la Pili. Ndege ndogo za kukodi hutumia Jengo la Kwanza. Majengo haya hayapo mlango kwa mlango, na mtu mwenye masanduku hawezi kuhama kwa miguu kirahisi. Ukiandika "uwanja wa ndege" peke yake umeandika nusu ya anwani.

Hatua ya 2: Hesabu mizigo kabla ya watu

Sanduku kubwa la ndege huwa na kilo 23, na urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa hufika sentimita 158. Toyota IST inabeba watu wawili wenye sanduku moja la aina hiyo na mabegi madogo, ukizidisha hapo mzigo unakaa kwenye siti. Noah ina siti za nyuma za kukunja: ukizikunja unapata nafasi ya masanduku manne au matano, lakini watu wanabaki wanne au watano. Huwezi kupata siti zote na mizigo yote kwa pamoja. Familia inayotoka ng'ambo na zawadi iagiziwe Alphard au Hiace.

Sasa kitu ambacho wengi hawaulizi: mtungi wa gesi. Teksi nyingi za Dar zimefungwa mfumo wa gesi asilia, na mtungi hulala ndani ya buti. Kwenye gari dogo unaweza kula nusu ya buti au zaidi. Mwambie dereva akupigie picha ya buti likiwa wazi, siku hiyohiyo unayoagiza. Picha moja inamaliza ubishi wote wa saa nane usiku pale maegesho. Na kama gari ni la gesi, mwambiane lijazwe kabla ya kwenda uwanjani, kwa sababu foleni za vituo vya gesi zinaweza kumla mgeni saa nzima akiwa na usingizi wa ndege.

Hatua ya 3: Elewana bei, na yaliyomo ndani ya bei

Kutoka Kipawa, ulipo uwanja, hadi Bagamoyo mjini ni kama kilomita 75. Dereva kwa kawaida anarudi mtupu, kwa hiyo bei yake inabeba kilomita 150. Ukitaka kujua kama bei ni ya haki, piga hesabu hivi: gari la aina ya Noah linakula wastani wa lita 1 kwa kilomita 10, hiyo ni lita 15. Zidisha na bei kikomo ya EWURA (mamlaka inayodhibiti bei za mafuta), inayotangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukishapata pesa ya mafuta, kilichobaki ni kazi ya dereva, uchakavu wa gari na faida. Anayetaja bei inayokaribiana na mafuta matupu ana mpango wa kuongeza njiani, au atakutelekeza akipata abiria mwingine.

Bei ikubaliwe kwa shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza au kudai bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo anayesema "dola kadhaa, tutabadilisha kwa bei ya siku" anakuachia mlango wa ugomvi.

Kisha uliza haya, na majibu yake yaandikwe: maegesho ya uwanjani yamo? Dakika za kusubiri ni ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini? Kituo kimoja cha njiani, kama duka la dawa au kula, kimo? Kwa Jengo la Tatu tunashauri dakika 90 za bure, kuanzia ndege inapotua kweli, si saa ya kwenye tiketi. Uhamiaji, viza ya kulipia pale pale kwa asiyeiomba mtandaoni, cheti cha homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa, mkanda wa mizigo, forodha: vyote vinakula muda. Jengo la Pili, dakika 45 zinatosha.

Hatua ya 4: Hakiki gari na dereva

Gari linalobeba abiria kwa malipo lina namba nyeupe. Namba ya njano ni gari la mtu binafsi. Jamaa akikuchukua kwa gari lake ni sawa, lakini anayekutoza nauli kwa namba ya njano hana leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ya biashara hiyo, na trafiki wakimsimamisha Mapinga mgeni wako ndiye atakayekaa juani. Omba namba kamili ya gari, jina la dereva, na namba yake ya simu yenye WhatsApp. Gari likibadilishwa dakika za mwisho, na hutokea, upewe namba mpya kabla ndege haijatua.

Hatua ya 5: Andika oda moja iliyokamilika

Maelezo yakitawanyika kwenye jumbe ishirini na sauti sita, dereva atasoma ya mwisho tu. Mtumie ujumbe mmoja wa namna hii:

"Kumpokea mgeni. Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne tarehe 14, saa 8 na robo usiku (02:15). Jengo la Tatu. Ndege namba ... kutoka Addis Ababa. Watu 2, masanduku makubwa 3. Kibao kiandikwe ... (jina kama lilivyo kwenye pasipoti). Kwenda Bagamoyo, Dunda, karibu na ... Bei jumla shilingi ..., maegesho yamo, kusubiri dakika 90 tangu ndege kutua. Mwenyeji: ... simu ... Tafadhali jibu NIMEPOKEA ukitaja siku na saa."

Hilo la mwisho usiliache. Dereva akijibu "poa" hujajua alichoelewa. Akiandika mwenyewe "Usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, saa 8 na robo usiku", mmeelewana.

Nakala ya ujumbe huo mtumie mgeni, pamoja na namba ya gari na picha ya mahali pa kukutana. Madereva hawaruhusiwi kuingia hadi kwenye mizigo. Wanasubiri nje ya mlango wa kuwasili. Mgeni ajue hivyo, la sivyo atamfuata yeyote atakayemwambia ndani kwamba ametumwa. Mfundishe aulize: "Unampeleka nani, na wapi?" Aliyetumwa kweli atataja jina na Bagamoyo. Laini ya kigeni isiyo na intaneti haitapokea WhatsApp, kwa hiyo mkubaliane tangu mwanzo: asipomwona dereva, asimame chini ya kibao cha jengo, asiondoke, amwombe mhudumu ampigie mwenyeji.

Njia na muda

Kutoka uwanjani gari linashika Barabara ya Nyerere hadi TAZARA. Hapo halipandi daraja la juu la Mfugale; linabaki chini na kukunja kushoto kushika Mandela, Buguruni, Tabata, hadi Daraja la Kijazi Ubungo, linanyoosha Sam Nujoma mpaka Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo: Lugalo, Tangi Bovu, Afrikana, Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Mgeni anayefuata ramani akiona gari limepanda daraja kuelekea mjini amuulize dereva kwa heshima. Pengine kuna sababu. Na asipige picha Lugalo, ni kambi ya jeshi.

Usiku wa manane weka saa moja na nusu hadi mbili. Mchana, saa mbili na nusu. Kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku weka saa tatu hadi tatu na nusu, hasa kipande cha Mwenge hadi Tegeta, na ujenzi wa mwendokasi unaweza kuongeza zaidi. Mwezi wa Ramadhani foleni hukaza kabla ya magharibi. Dereva aliyefunga apewe nafasi ya kusimama kufuturu, hizo ni dakika kumi tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Magomeni, Bagamoyo): Habari za kazi wakuu. Mgeni wangu ni dada wa miaka 24, anatua saa 8 usiku, peke yake. Aje moja kwa moja au alale Dar?

Jibu: Barabara ni lami yote na usiku ndiyo nyepesi kuliko wakati wowote. Hatari ya saa hizo ni usingizi wa dereva, na malori yaliyoegeshwa pembeni bila taa. Uliza dereva amelala saa ngapi mchana. Aliyeendesha tangu asubuhi mkatae. Kama humjui dereva wala hujapata wa kumdhamini, alale karibu na uwanja, atoke saa 1 asubuhi. Kuanzia Mwenge atakuwa anakwenda wakati watu wanakuja mjini, hatasumbuka sana.

Swali (Kaole): Dereva anadai alipwe yote kabla. Ni kawaida?

Jibu: Advansi ni haki yake, anatenga usiku wake. Asilimia 30 hadi 50 inatosha, nyingine mgeni akishafika. Lipa kwa lipa namba na uangalie jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri. Jina likiwa tofauti kabisa na la mliyeongea naye, simama hapo, uulize kwanza.

Swali (Ukuni): Asalaam aleikum. Mama yangu anakuja kutoka Muscat, anatumia kiti cha magurudumu. Niagize Noah ili apate nafasi?

Jibu: Waaleikum salaam. Kiti cha uwanjani kiombwe kwa shirika la ndege angalau saa 48 kabla, watamtoa hadi nje. Kuhusu gari, Noah ina mlango mpana wa kuteleza lakini sakafu yake iko juu, na magoti ya mzee hayapendi kupanda. Kama anaweza kusimama kidogo, gari la chini kama Premio humfaa zaidi: anakaa kwanza, kisha anageuza miguu. Kiti chake kinachokunjwa kinaingia kwenye buti, mradi halina mtungi wa gesi. Muulize mama mwenyewe lipi humrahisishia.

Swali (Dunda): Tukimrudisha mgeni, ndege inaruka saa 11 jioni. Tutoke saa ngapi?

Jibu: Safari ya nje inataka awe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa 8 mchana, na kuna ukaguzi wa mizigo mlangoni kabla ya kaunta. Ondoa saa mbili na nusu za njia na saa moja ya dharura: mtoke saa 4 na nusu asubuhi. Masika tokeni saa 3 na nusu, maji yakijaa Boko foleni haisogei. Foleni ikifungana kabisa kuanzia Tegeta, dereva anaweza kupita Madale na Goba akatokea Barabara ya Morogoro, lakini aamue akiwa Wazo. 

Swali (Zinga): Gari za kuagiza kwa programu za simu hazifai?

Jibu: Zinafika, na bei yake wakati mwingine ni nzuri. Shida ni kwamba kuna dereva ambaye akishakubali anakupigia, akisikia Bagamoyo anaomba nyongeza au anafuta. Kwa mchana na mtu mzoefu, sawa. Kwa mgeni wa usiku agizeni mapema.